Ufunguo Ukae kwa Mwenyewe: Hatua Tisa za Kulinda Nyumba, Simu na Akaunti Yako

Ndengu zikishauzwa mwanzoni mwa mwaka, Matinyani huchangamka. Mabati mapya hupanda juu ya nyumba, karo hulipwa, madeni ya duka hupunguzwa. Simu nazo huanza kulia. Anayepiga anajua jina lako, anazungumza kwa adabu, na anasema kuna tatizo dogo kwenye laini yako ambalo mkishirikiana litatatuliwa sasa hivi.

Wazee wetu Wakamba walikuwa na kithitu, kiapo kilichoogopwa kuliko fimbo. Kilikuwa na nguvu kwa sababu mwizi alikuwa mtu wa karibu: alijua njia ya kwenu, na nyinyi mlijua ukoo wake. Mwizi wa simu huenda hajawahi kukanyaga kaunti ya Kitui. Hamjuani, na kiapo chenu hakimhusu. Anachotafuta kwako ni tarakimu nne tu.

Hata hivyo yule wa usiku, anayekuja na nyundo, hajaondoka. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa wote wawili. Nimeuandika kwa ajili ya nyumba ya kawaida ya huku kwetu: mlango wa mbao, zizi la mbuzi, paneli ya sola juu ya paa, simu mbili tatu za familia, na kijana anayekwenda saiba, duka la kompyuta na intaneti, kujaza fomu. Kila mahali humo swali ni lile lile: ufunguo wa kitu hiki uko kwa nani?

Utakachohitaji: daftari na kalamu, bisibisi, simu yako, kitambulisho, kadi uliyopewa siku uliponunua laini, na Jumamosi moja.

Hatua ya 1: Andika funguo zako zote

Chora safu tatu. Ya kwanza andika kitu: mlango wa mbele, stoo, zizi, simu, laini, M-Pesa, baruapepe, WhatsApp, akaunti ya eCitizen. Ya pili andika kinafunguliwa kwa nini: ufunguo wa chuma, PIN, nenosiri, au namba ya simu. Usiandike PIN yenyewe. Andika tu neno "PIN". Ya tatu andika nani mwingine anacho.

Safu ya tatu ndiyo inayofumbua macho. Nilipoijaza mara ya kwanza niligundua kwamba baruapepe niliyoitumia kwa miaka mingi nilifunguliwa na kijana wa saiba moja, na namba ya kurejeshea nenosiri ilikuwa yake. Hakuwa na ubaya. Siku hiyo sikuwa na simu, naye akaniazima namba yake ili kazi iishe. Lakini kwa miaka yote hiyo, yeyote aliyeshika simu yake angeweza kuingia kwenye baruapepe yangu, na kwa kupitia hiyo, kwenye kila kitu nilichokisajili nayo.

Ukurasa unaofuata andika alama za mali: namba iliyochapwa nyuma ya paneli ya sola, namba ya televisheni, na IMEI za simu. Ili kuipata IMEI bonyeza *#06#, nayo itatokea yenye tarakimu 15. Daftari hili utalihitaji baadaye.

Hatua ya 2: Kagua mlango kabla ya kufuli

Watu wengi hununua kufuli kubwa na kulitundika kwenye mlango dhaifu. Mwizi hana haja ya kupambana na kufuli ikiwa anaweza kung'oa kile bapa cha chuma kinachoshika kufuli. Funga mlango, simama nje, uangalie:

- Je, unaziona skrubu za bapa hilo? Ukiziona, naye anaziona, na bisibisi ni rahisi kuipata. Funga bapa upya ili likikunjwa lifunike skrubu zake. Bora zaidi, tumia boliti zinazopenya mbao na nati zake zikazwe ndani ya nyumba.
- Bawaba ziko upande gani? Kama mlango unafunguka kwa nje, pini za bawaba ziko mikononi mwa aliye nje. Mwambie fundi wa kuchomelea azibe vichwa vya pini hizo.
- Fremu imeshikwa na nini? Misumari mifupi kwenye tofali la kuchoma haivumilii mateke. Dai skrubu ndefu.

Sasa kufuli. Ndani ya kufuli la kawaida kuna vipini vidogo vinavyosukumwa na springi, na ufunguo sahihi huviinua vyote hadi kimo chake. Muundo huu ulipewa hataza nchini Marekani katika miaka ya 1860 kwa jina la Linus Yale mdogo, na hadi leo ndio unaofunga maduka yetu. Kama kuna vipini vitano na kila kimoja kina vimo sita, funguo tofauti zinazoweza kutengenezwa ni 7,776. Makufuli ya bei ya chini hutumia sehemu ndogo ya hesabu hiyo, na uwazi kati ya vipande vyake ni mkubwa, hivyo ufunguo wa moja unaweza kufungua jingine. Jaribio lake halina gharama: ukiwa dukani, chukua ufunguo wa kufuli la pili la aina hiyo hiyo ujaribu kufungua la kwanza. Likifunguka, rudisha yote mawili.

Chagua lenye kitanzi kifupi na kinene, ili lisiache nafasi ya kupenyeza nondo. Ufunguo ukipotea, badilisha kufuli. Usisubiri uone nani aliuokota. Na ufunguo wa akiba usiuweke juu ya fremu, chini ya chungu wala chini ya jiwe, maana hapo ndipo kila mtu anapoanza kutafuta. Mpe jirani unayemwamini, kisha uandike jina lake kwenye safu ya tatu.

Hatua ya 3: Zizi, punda na sola

Mali ya nje huibwa kwa sababu ina soko mahali pengine. Tulijifunza hilo kwa punda. Kuanzia 2016 Kenya ilikuwa na machinjio ya punda, moja likiwa kaunti jirani ya Machakos, na ngozi ziliuzwa China. Familia nyingi ziliamka asubuhi zikakuta mnyama wa kubebea maji hayupo. Serikali ilipiga marufuku machinjo hayo Februari 2020, Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo 2021, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukasimamisha biashara ya ngozi za punda barani kote. Sheria zinakuja na kuondoka. Alama kwenye mnyama hubaki.

Weka alama ya familia kwa chuma cha moto au hereni ya sikio, na uipige picha pamoja na mnyama mzima. Zizi lijengwe karibu na dirisha la anayelala usingizi mwepesi, na lango lake lifungwe kwa mnyororo na kufuli, si kwa kamba. Ua wa minyaa ukitunzwa vizuri na mapengo kuzibwa kwa miiba, humlazimisha mwizi kupita langoni.

Paneli ya sola ikazwe kwa boliti, kisha vichwa vya boliti vichomelewe au vipondwe ili visifunguke kwa spana ya kawaida. Chora jina la familia nyuma ya paneli kwa msumari, kwa maandishi makubwa. Paneli yenye jina haiuziki kwa urahisi. Taa ya sola yenye kihisi mwendo iweke juu, mahali mkono haufiki, ielekee zizini na mlangoni. Mwanga unaowaka ghafla humshtua mgeni na kumwamsha mbwa.

Hatua ya 4: PIN isiyosomeka kwenye kitambulisho

M-Pesa ilipoanza Machi 2007, pesa zetu zilitoka kwenye kibuyu na chini ya godoro zikaingia nyuma ya tarakimu nne. Tarakimu nne hutoa PIN 10,000, idadi isiyo mbali sana na ile ya kufuli letu. Kwa kuwa ukikosea mara tatu huduma hujifunga, PIN nzuri inatosha kabisa.

Shida ni kwamba wengi huchagua mwaka wa kuzaliwa, nao umeandikwa kwenye kitambulisho. Kwa mwenye kopi ya kitambulisho chako, zile PIN 10,000 zimegeuka kuwa moja. Na akishaingia hachukui salio pekee: anaweza kukopa Fuliza kwa jina lako, na deni likabaki lako.

Tunga PIN hivi: fikiria sentensi fupi unayoijua wewe, uhesabu herufi za kila neno. "Mbuzi wetu mweusi alipotea" hutoa 5, 4, 6, 8. Usitumie sentensi hii, tunga yako. Kisha piga *334#, ingia kwenye akaunti yako, ubadilishe PIN. Ukiwa kwa wakala, bonyeza mwenyewe huku umeufunika mkono. Wakala mwaminifu hatakuomba PIN, wala hahitaji kushika simu yako.

Hatua ya 5: Funga laini yenyewe

Simu yako inaweza kuwa na kufuli la skrini, lakini mwizi akitoa laini na kuiweka kwenye simu nyingine, kufuli hilo limebaki kwenye simu tupu. Laini ina kufuli lake, nalo linaitwa PIN ya SIM. Kwenye simu kubwa ingia Mipangilio, kisha Usalama, utafute sehemu ya kufunga SIM. Kwenye simu ndogo ya tochi, ile tunayoiita mulika mwizi, iko kwenye mipangilio ya usalama pia. PIN ya mwanzo na namba ya PUK zimo kwenye kadi uliyopewa pamoja na laini. Kuwa na kadi hiyo mkononi kabla ya kuanza: ukikosea PIN mara tatu utaombwa PUK, na ukikosea PUK mara kumi laini hufa.

Wizi wa pili wa laini hauhitaji simu yako kabisa. Tapeli akiwa na namba ya kitambulisho chako hujifanya wewe na kuomba laini mpya yenye namba yako. Simu yako inapoteza mtandao, yake inapata. Kwa laini ya Safaricom piga *100*100# ili ubadilishaji wa laini yako usifanyike bila wewe kufika dukani mwenyewe. Kisha piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, iripoti siku hiyo hiyo. Laini ya mgeni yenye jina lako ikitumiwa kutapeli, polisi wataanzia mlangoni pako.

Hatua ya 6: Simu mkononi

Fanya haya manne kwa mfuatano:

1. Weka kufuli la skrini la tarakimu sita, na uzuie ujumbe usisomeke skrini ikiwa imefungwa. Namba za siri hutumwa kwa ujumbe. Zikisomeka juu ya kufuli, kufuli halina maana.
2. Piga *#21# uone kama simu zako zinaelekezwa kwa mtu mwingine. Ukikuta namba ngeni, piga ##002# kufuta. Mtu akikuambia upige *21* ikifuatwa na namba, kata simu: anataka simu zako ziende kwake.
3. WhatsApp: fungua Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili, uweke PIN ya tarakimu sita. Ile namba ya tarakimu sita inayokuja kwa ujumbe usimtumie mtu yeyote, hata akiandika kwa jina la dada yako. Huenda akaunti ya dada imeshatekwa.
4. Pakua programu kutoka Play Store tu. Faili ya programu iliyotumwa kwenye kikundi, hasa ya mkopo wa haraka, iache.

Hatua ya 7: Saiba bila kuacha ufunguo mezani

Bila saiba za sokoni wengi wetu tusingepata PIN ya KRA, mkopo wa HELB wala nafasi ya chuo. Wale vijana wanatusaidia kwa kazi kubwa. Msaada wao usigeuke kuwa umiliki.

Kabla ya kuketi, omba dirisha fiche la kivinjari, lile lisilohifadhi nenosiri wala historia. Andika nenosiri mwenyewe. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nenosiri, kataa. Ukimaliza, toka kwenye akaunti kwanza, ndipo ufunge dirisha. Akaunti mpya isajiliwe kwa namba yako, na kama huna simu siku hiyo, rudi kesho ukiwa nayo.

Ukituma kitambulisho kwa WhatsApp ya saiba ili kichapwe, simama hapo kikifutwa. Kopi zilizoharibika ondoka nazo. Juu ya kopi unayoiacha kwenye ofisi yoyote, andika kwa kalamu kazi yake na tarehe, mstari upite juu ya picha kidogo: "Kwa usajili wa kikundi tu, 4 Machi." Kopi ya namna hiyo haimfai tapeli. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuuliza taarifa zako zinatumiwaje, na kuomba zifutwe.

Kama baruapepe yako ilifunguliwa na mtu mwingine kama yangu, fungua sehemu ya Usalama kwenye akaunti yako ya Google. Badilisha namba ya kurejeshea, badilisha nenosiri, kisha angalia orodha ya vifaa vilivyoingia na uondoe usivyovitambua. Fanya kwa mpangilio huo. Ukianza na nenosiri huku namba ya zamani bado ipo, mwenye namba hiyo anaweza kulibadilisha tena.

Weka pia nakala za karatasi za vyeti na hati ya shamba. Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa kwa maombi mengi kupita uwezo wake, na huduma zikakwama kwa siku kadhaa. Hutaweza kuzuia tovuti ya serikali isishambuliwe, lakini cheti kilicho ndani ya sanduku lako kitasomeka siku hiyo.

Hatua ya 8: Kata, kisha piga wewe

Maneno ya matapeli hubadilika, ila yote yana haraka ndani yake. "Mwanao ameanguka shuleni, tuma pesa ya gari." "Nimetuma elfu tatu kimakosa, nirudishie." "Laini yako inafungwa leo." Haraka ndiyo inayokuzuia kumuuliza mwenzako.

Jibu ni moja kwa yote: kata simu, halafu upige wewe kwa namba uliyokuwa nayo kabla. Ya mtoto, piga namba ya mwalimu uliyoiandika kwenye daftari. Ya laini, Safaricom huwapigia wateja kwa 0722 000 000, na haiombi PIN. Ya pesa za makosa, tazama ujumbe ulitoka wapi: wa kweli hutoka kwa jina MPESA, si kwa namba ya mtu, na salio lako litakuwa limeongezeka. Hata kama pesa zimeingia kweli, usizitume wewe; mwambie mwenyewe apeleke ujumbe wake kwa 456 zirudishwe kwa njia yake. Ujumbe wa utapeli upeleke kwa 333, bure.

Hatua ya 9: Susu na majirani

Nyumbani kwetu bibi ni susu, na susu wengi hutoa simu pamoja na PIN kwa mjukuu yeyote aliye karibu. Usimgombeze. Keti naye mkiwa wawili, umwambie: "Susu, mimi nitakusomea maandishi, lakini namba ya kufungua pesa ibonyeze wewe." Kama hasomi, mfundishe PIN kama njia ya kidole: anzia kona hii, shuka, vuka, panda. Arudie mara kumi simu ikiwa imezimwa, ndipo aiweke. Njia isiwe mstari ulionyooka, maana huo unaonekana kwa macho.

Familia nzima ikubaliane juu ya neno moja la siri. Anayepiga kwa namba mpya akiomba msaada aulizwe neno hilo, hata sauti ikifanana na ya mjomba.

Kisha lipeleke jambo hili kwenye mwethya, kikundi chenu cha kusaidiana kazi. Vikundi vilivyochimba matuta ya kuzuia mmomonyoko vinaweza kutenga robo saa ya mkutano, mmoja asome kwa sauti ujumbe wa utapeli alioupata wiki hiyo. Aliyeusikia Jumanne hataliwa Alhamisi. Katika Nyumba Kumi, mpango wa majirani kulindana ulioanzishwa 2013, kubalianeni nani anapiga nduru, nani anapiga simu kwa polisi, na nani anaangaza tochi kwenye njia ya kutokea.

Likitokea

- *Mtandao umepotea ghafla au simu imeibwa:* azima simu ya jirani mara moja, piga 100 au 234, uombe laini na M-Pesa zifungwe. Kila dakika ina thamani.
- *WhatsApp imetekwa:* isajili upya kwa namba yako. Ukifaulu, aliyeiteka hutolewa. Waarifu watu wako kwa njia nyingine.
- *Umetuma pesa kwa namba isiyo sahihi:* peleka ujumbe wa muamala kwa 456.
- *Nyumba imevunjwa:* usipange vitu wala usifagie. Ita polisi, uwape namba za paneli na IMEI kutoka kwenye daftari, na usiondoke kituoni bila namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi.
- *Umetapeliwa:* ripoti kituoni au kwa idara ya upelelezi, DCI, 0800 722 203, simu ya bure. Utapeli wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Usinyamaze kwa aibu. Ukinyamaza, tapeli anampigia jirani yako kwa maneno yale yale.

Daftari lifunge kwenye sanduku pamoja na hati za nyumbani. Kabla mvua za Oktoba hazijaanza, siku unayoshusha jembe, lishushe na daftari. Pitia safu ya tatu polepole. Kijana aliyehama, fundi aliyemaliza kazi, mjukuu aliyekwenda Nairobi: futa jina, badilisha kufuli au PIN. Majina yatakayobaki yawe ya watu uliowapa ufunguo wewe mwenyewe, ukijua unachowapa.